Mwambie Shemeji Televisheni Ibaki Ukutani

Mdogo wangu wa Morogoro, barua yako nimeisoma mpaka mwisho, na hapo uliposema nyumba nzima imegeuka kamati nilicheka peke yangu. Mchana mwalimu, jioni mweka hazina wa kikoba, unapanga marejesho ya watu kwenye laptopu ya inchi 14 juu ya meza ya chakula, shingo imekakamaa, macho yanawasha. Umejinyima mpaka umepata hela ya monita pana ya kuchomeka kwenye hiyo laptopu. Sasa shemeji anasema bora mnunue televisheni ya inchi 32, kazi humo na taarifa ya habari humo humo. Kijana wako anataka monita ile ndefu iliyopinda. Muuzaji wa Kariakoo anakusukumia ya inchi 27, mpya kwenye boksi. Na mwalimu mwenzako ana fundi wake anayeuza za mtumba za inchi 22, zilizotolewa maofisini huko Ulaya, kwa bei ya kutupa.

Nakujibu wewe, ila najua wengi mna kamati za namna hiyo majumbani, basi sogeeni.

Tuanze na shemeji, maana akishatulia yeye kazi nusu imekwisha. Televisheni nyingi za inchi 32 za bei ya kawaida zina pikseli 1366 kwa 768. Pikseli ni vile vidoa vya mwanga vinavyochora kila herufi unayoiona. Zidisha: ni milioni moja na kidogo. Monita ya kawaida ya leo ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, karibu mara mbili. Na laptopu yako, kama ni ya miaka iliyopita na haikuwa ya bei kubwa, huenda ina hizo hizo 1366 kwa 768. Kwa hiyo ukiichomeka kwenye televisheni ya shemeji, herufi zitanenepa, lakini hutapata hata mstari mmoja wa ziada wa jedwali lako. Kwenye Excel, mstari wa kawaida unachukua pikseli 20 kwenda chini. Ukitoka 768 ukafika 1080 umeongeza 312, ndiyo mistari 15. Kikoba cha watu 30 kinaenea chote kwenye kioo, jina la kwanza hadi la mwisho, bila kupandisha na kushusha. Hiyo ndiyo faida unayoilipia. Ukubwa peke yake si faida.

Televisheni ina vituko vingine pia. Baadhi hukata kingo za picha, ukashindwa kuona kitufe cha kuanzia programu kule chini. Baadhi hubana rangi kwa namna isiyoonekana kwenye sinema, lakini herufi nyekundu juu ya bluu zinatoka na ukungu. Kama mnayo tayari na ni ya 1920 kwa 1080, ingia kwenye menyu yake, tafuta sehemu ya kuchagua kwamba kilichochomekwa ni kompyuta, ujaribu. Kununua mpya kwa ajili ya kazi, hapana. Ile imetengenezwa kwa mtu aliyekaa kwenye kochi upande wa pili wa sebule, wewe uko sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Halafu saa mbili usiku taarifa ya habari ikianza, nani atahama? Wewe.

Kijana naye tumsikilize, ana hoja kidogo. Ile ndefu, ya uwiano wa 21 kwa 9, ni nzuri kwa mtu anayehariri video au muziki, au anayetaka kurasa mbili pana zikae ubavu kwa ubavu. Lakini pima kimo chake. Ya inchi 34 ina upana wa karibu sentimita 80 na kimo cha kama 33, sawa na kimo cha monita ya kawaida ya inchi 27. Ya inchi 29 inarudi chini mpaka kimo cha inchi 23. Hela yote ya ziada imekwenda mbavuni. Ile ya inchi 34 kwa kawaida inataka pia pikseli 3440 kwa 1440, na laptopu za zamani, hasa kupitia tundu la HDMI, nyingi hazifiki huko. Kupinda kwenyewe kuna maana kwenye kioo kirefu kiasi hicho, kwa sababu kingo zinakugeukia. Kwenye inchi 24 ni urembo tu. Mwambie mama mkubwa kasema asubiri mshahara wake wa kwanza.

Sasa sikiliza jambo la inchi, maana hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Inchi hupimwa mshazari, kutoka kona ya juu ya upande mmoja hadi kona ya chini ya upande mwingine. Kadiri kioo kinavyozidi kuwa kipana kwa inchi zile zile, ndivyo kimo chake na eneo lake vinavyopungua. Zile monita za zamani za karibu mraba, za inchi 19, zina kimo cha sentimita 30. Monita pana ya inchi 24 ya leo, ya 16 kwa 9, nayo ina kimo cha sentimita 30, ikiwa na upana wa 53. Umeona? Inchi tano zaidi, kimo hakijaongezeka. Katikati ya safari kulikuwa na umbo la 16 kwa 10, refu kidogo kwenda juu, mpaka kufikia mwaka 2010 viwanda vingi vilikuwa vimeliacha. Hawakufanya hivyo kwa kutuhurumia walimu na wahasibu. Vioo vya televisheni vilikuwa tayari vinakatwa kwa 16 kwa 9, na kukata umbo moja kwa bidhaa zote kunapunguza gharama.

Ndiyo maana sitaidharau ile ya mtumba. Monita za maofisini za inchi 22 za zama zile mara nyingi ni za 16 kwa 10, pikseli 1680 kwa 1050. Kimo chake kinapishana na cha inchi 24 mpya kwa milimita chache tu, na kwenye jedwali lako unapoteza mstari mmoja na nusu. Bei ikiwa nusu, hilo ni jambo la kufikiria. Ila geuza mgongo wake usome lebo. Utakuta mwaka wa kutengenezwa. Za kabla ya hapo 2010 nyingi zinawaka kwa mirija myembamba ya mwanga badala ya LED. Mirija hiyo huchakaa: kioo kinachukua dakika kadhaa kufikia mwangaza wake, na weupe unageuka wa manjano, wakati mwingine wa waridi kingoni. Ndani yake kuna zebaki kidogo pia, kwa hiyo ikifa si kitu cha kuvunjia uani watoto wakichezea. Kama ni ya LED na imepita majaribio nitakayokueleza, chukua. Na kwa fundi huyo huyo ukikuta ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1200, usiulize ushauri wangu tena, ipiganie. Ina kimo cha sentimita 32, na watu wa meza ndogo tunaijua thamani yake.

Inchi 27 ya Kariakoo je? Vijana wa kompyuta watakuambia inchi 27 yenye 1920 kwa 1080 ni dhambi, kwa sababu pikseli zile zile zimetandazwa kwenye eneo kubwa. Ni kweli: inchi 24 inabeba pikseli 92 katika kila inchi moja, inchi 27 inabeba 82. Herufi zinakuwa kubwa kwa kama asilimia 12 na kingo zake zinaparuza kidogo. Lakini wanaosema hivyo wana miaka 22. Wewe umeniandikia kwamba daftari la mahudhurio siku hizi unalisoma ukiwa umenyoosha mkono. Kwa macho yaliyovuka 40, herufi kubwa yenye mparuzo kidogo ni bora kuliko herufi safi unayoikunjia uso. Nisichokubali ni kuambiwa kwamba utaona kazi nyingi zaidi. Hutaona. Ni mistari ile ile, imekuzwa. Inayoongeza kweli ni ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440, ila hiyo bei yake imepanda ngazi nyingine.

Kwa hiyo kama ningeshika mimi pochi yako: inchi 24 mpya, 1920 kwa 1080, kioo cha IPS. Ukienda ukakaa mbele yake ukaona bado unasogeza uso, inchi 27 bila kujisikia vibaya.

Hiyo IPS ni aina ya kioo, na kwenye boksi imeandikwa. Faida yake ni kwamba rangi hazigeuki ukiangalia kutoka pembeni. Ya TN, ambayo utaikuta sana kwenye za mtumba, ukiitazama kutoka chini rangi zinageuka giza na nyingine zinapinduka. Mtu anayekaa wima mbele yake haimsumbui sana, anayejiegemeza kwenye kiti cha meza ya chakula inamsumbua. Ya VA ina weusi uliokolea, mara tatu hivi ya IPS, nzuri kwa sinema za usiku, lakini maandishi meusi yakikimbia juu ya rangi ya giza yanaacha mkia. Maneno mengine ya boksi yapite. Uwiano wa weupe na weusi wa milioni kumi kwa moja unapatikana kwa kuzima taa ya nyuma, hata mimi nikizima taa ya chumbani napata uwiano huo. HDR, ile ahadi ya mwanga na giza vilivyokolea zaidi, kwenye monita ya bei yetu ni stika. Kasi ya milisekunde moja ya kubadili rangi ni ya wacheza gemu. Hezi, yaani mara ngapi picha inachorwa upya kwa sekunde, 60 zinatosha, 75 au 100 zikija bila kuongezewa bei zipokee, kurasa zitateleza vizuri zaidi.

Haya, twende dukani, na hapa nataka usiwe na haraka. Nenda mchana, nenda na laptopu yako na faili lako lenyewe la kikoba. Muuzaji atakuwa amewasha filamu ya maporomoko ya maji na samaki wa rangi rangi. Mwombe azime. Filamu ya namna hiyo imechaguliwa na mtu anayejua kuficha, na wewe hujaja kununua samaki. Chomeka laptopu, ingia kwenye mipangilio ya skrini, hakikisha imewekwa kwenye idadi ya pikseli za kioo chenyewe. Ikiwekwa pungufu, herufi zote zitakuwa na ukungu na utailaumu monita bure. Fungua jedwali lako, herufi za saizi 10. Kaa. Soma majina kumi na tarakimu zake kama unavyosoma jioni. Kama 6 na 8 zinakuchanganya, simama, hiyo si yako, hata iwe ya kampuni gani.

Kisha fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo kizima. Tafuta doa lisilowaka, kona iliyogeuka kahawia, kivuli cha kitu kilichokaa muda mrefu. Za ofisini nyingine zimebaki na mchoro wa upau wa programu uleule uliokaa miaka pale chini, unauona vizuri zaidi kwenye ukurasa wa kijivu. Baada ya mweupe weka mweusi. Duka lina mwanga mwingi, kwa hiyo toa kanga yako, jifunike wewe na monita, uangalie kingo. Wacha wacheke. Mwanga kidogo unaovuja kwenye kona ni wa kawaida kwa IPS, lakini ukiona mstari mzima unang'aa ukingoni, kioo kimebanwa au kimeanguka. Weka na nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa zamu, kwa sababu pikseli iliyoganda kwenye rangi moja hujificha kwenye rangi nyingine. Uliza papo hapo dukani: pikseli mbovu ngapi zinaruhusu kurudisha? Wengi hawabadilishi kwa moja au mbili, na ni bora ulijue hilo kabla hujatoa hela.

Shusha mwangaza mpaka robo hivi, halafu punga kalamu haraka mbele ya ukurasa mweupe. Ukiona kivuli kimoja kinachoteleza, vizuri. Ukiona kalamu nyingi zimekatika katika kama zimepigwa picha, basi taa ya nyuma inawaka na kuzima kwa kasi ili kupunguza mwanga. Si kila mtu anaumia, ila mtu mwenye kipandauso kama wewe nisingemruhusu aichukue.

Iache iwake wakati mnapatana bei, nusu saa ikiwezekana. Za mtumba hasa: ugonjwa wake hutokea ikishapata joto. Bonyeza vitufe vyote. Tikisa kidogo waya pale unapoingia, picha isikatike. Risiti iandikwe namba iliyo kwenye lebo ya nyuma, na boksi usilitupe mpaka waranti iishe.

Matundu ya waya yanakula hela za watu kimya kimya, kwa hiyo hapa niruhusu niwe mkali. Angalia laptopu yako ina tundu gani kabla hujatoka nyumbani. Yako nina hakika ina HDMI, na monita mpya inayo, mambo yamekwisha. Za mtumba za maofisini mara nyingi zina VGA, DVI na DisplayPort bila HDMI. HDMI kwenda DVI ni waya wa kawaida wa bei ndogo, utakosa sauti tu. HDMI ya laptopu kwenda DisplayPort ya monita ndiyo mtego: waya wa kawaida unaouzwa umetengenezwa kwa safari ya upande mwingine, kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na hautafanya kazi hata ukiugeuza. Inahitajika kigeuzi chenye umeme wake, na bei yake inaweza kumeza nafuu yote uliyoipata kwa fundi. VGA inafanya kazi, herufi zinakuwa laini kupita kiasi, bonyeza kitufe cha kujirekebisha kilichoandikwa Auto uone kama zitatulia. Na wenye laptopu mpya zenye tundu dogo la USB-C, jueni kwamba mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu, hayatoi picha. Jaribuni dukani.

Nyumbani, usiiweke mbele ya dirisha wala dirisha lisiwe mgongoni kwako. Dirisha likae ubavuni. Za bei yetu zina mguu usiopanda wala kushuka, unainama mbele na nyuma basi. Rimu moja ya karatasi ina kimo cha sentimita 5, na mwalimu hakosi rimu, zikae mbili chini ya mguu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Isipokuwa siku utakapopata miwani ya kusomea ile yenye sehemu mbili: hapo ishushe, uilaze nyuma kidogo, la sivyo utakuwa unainua kidevu jioni nzima na shingo itarudi kule kule. Ukubwa wa mwangaza pia uupunguze. Kutoka dukani zinakuja zimewashwa kwa ajili ya kushindana na taa za duka. Shika karatasi nyeupe pembeni ya kioo, vikilingana weupe umefika.

Umeme umeniuliza, na nadhani ni shemeji aliyekutuma. Monita ya LED ya inchi 24 inakula kama wati 20 hadi 25. Ukiitumia kwa muda wa saa nne kila jioni, mwezi mzima haizidi yuniti 3. Ile ya mirija inaweza kufika mara mbili ya hapo, bado si ya kuvunjia ndoa. Cha kuangalia ni lebo ya adapta iseme volti 100 hadi 240, kwa sababu zilizotoka nje zinakuja na adapta za kuokoteza. Umeme ukikatika chomoa, ukirudi subiri utulie kwanza.

Hela ikibaki, usikimbilie spika wala kamera. Nunua kibodi na mausi vya bei ya kawaida, uifunge laptopu uiweke pembeni, ukae katikati ya hiyo monita. Watu wengi wananunua kioo kikubwa kisha wanaendelea kuchapa kwenye laptopu iliyo ubavuni, wamejipinda, wanashangaa kwa nini mgongo haujapona. Na ukishakaa vizuri, shika kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto: faili la kikoba litakwenda nusu ya kushoto. Jumbe za wanachama za kuthibitisha malipo ziweke kulia.